Konsoli za gemu kutoka katriji hadi SSD: maswali ambayo naulizwa kila siku hapa Nakuru

Natengeneza mashine za gemu hapa Kaptembwa, na haipiti siku kabla mtu hajasimama kwa meza na PS, yaani PlayStation ya Sony, imefungwa kwa shuka, na hata kabla sijatoa skrubu ya kwanza ashaanza maswali. Wengine wanatoka Rhonda na Free Area, wengine wananitumia mzigo na matatu kutoka Kisumu au Kakamega halafu wanapiga simu kuuliza yale yale. Nimeamua kuyaandika hapa.

Kitu kimoja kabla tuanze. Watu wengi wakisema konsoli zimebadilika wanamaanisha picha. Mimi nikifungua mashine naangalia gemu yenyewe inakaa wapi na inapita njia gani mpaka ifike kwa chipu, juu hapo ndipo mabadiliko makubwa yametokea miaka yote hii na mara nyingi hapo hapo ndipo mashine inaharibikia.

Hii "kizazi" wanasemanga ni nini? PS5 ni kizazi cha ngapi?

Cha 9. Kizazi ni zile mashine zilitoka kipindi kimoja zikigombania wateja wale wale, hakuna ofisi inapanga hiyo hesabu, ni watu wamezoea kuhesabu hivyo. Cha kwanza kilianza 1972. PS1 iko kizazi cha 5, PS2 cha 6, PS3 cha 7, PS4 cha 8. Kwa hivyo mtoto akikuuliza mbona PS ni ya 5 na kizazi ni cha 9, mwambie Sony walifika wakati wenzao washacheza raundi 4.

Konsoli ya kwanza kabisa ilikuwa gani?

Magnavox Odyssey, Marekani, 1972. Aliyeibuni ni Ralph Baer, mhandisi aliyezaliwa Ujerumani na familia yake ikakimbilia Marekani akiwa kijana. Hiyo mashine haikuwa na prosesa, ile chipu ya kufikiria, haikuwa na sauti, ilikuwa inaonyesha vidoti vyeupe na mstari basi. Rangi zilitoka wapi? Walikuwa wanakupea karatasi ya plastiki iliyochorwa, unaibandika juu ya kioo cha TV, ukitaka uwanja wa tenisi unabandika uwanja wa tenisi. Ilikuwa na kadi za kuchomeka lakini ndani ya kadi hakukuwa na gemu, kadi ilikuwa inaunganisha nyaya kwa mpangilio tofauti tu, gemu zote tayari ziko ndani ya mashine.

Sasa katriji yenye gemu ndani ilianza lini?

Katriji ni kile kisanduku cha plastiki unachomeka kwa mashine. Ile ya gemu ndani ilianza 1976, na Fairchild Channel F. Kazi ya kuitengeneza iliongozwa na Jerry Lawson, mhandisi Mmarekani Mweusi, na nataka vijana wetu wajue hilo jina juu watu wanataja Atari tu. Kabla ya hapo ukinunua mashine umenunua na gemu zake zote, zikikuchosha basi. Baada ya hapo mashine ikawa kama jiko, kila mtu anakuja na sufuria yake.

Atari 2600 ikatoka 1977 ndio ikaifanya hiyo biashara kuwa kubwa. Sasa angalia hii: memori yake ya kufanyia kazi ilikuwa baiti 128. SMS moja ya simu inabeba baiti 140. Yaani mashine nzima ilikuwa inakumbuka kitu kidogo kuliko SMS moja, na watu wakatengeneza gemu kamili humo. Memori haikutosha kuhifadhi picha ya skrini, kwa hivyo programu ilikuwa inachora mstari mmoja, inangoja mwali wa TV upite, inachora mwingine, hivyo hivyo mpaka chini, halafu inaanza tena juu, mara 60 kwa sekunde. Waliofanya hiyo kazi nawaheshimu sana.

Zile mashine za katriji za njano tulikuwa tunacheza tukiwa wadogo, zilikuwa Nintendo?

Zilikuwa kopi ya Nintendo. Ile ya Nintendo yenyewe, Famicom, ilitoka Japani Julai 1983, na ilipofika Marekani 1985 wakaibadilisha sura wakaiita NES. Zile zetu zilizouzwa sokoni zilikuwa zinaiga ile ya Japani, katriji ya pini 60, na zile zilizoandikwa gemu 9999999 kumbe ni gemu chache zinajirudia zikibadilishwa raundi ya kuanzia.

Nilifungua moja mwezi uliopita, mzee mmoja wa Njoro aliiweka tangu watoto wake wakiwa primari. Famicom halisi ndani ina chipu kadhaa, moja ya kufikiria na kutoa sauti, nyingine ya picha, zingine za memori, kila moja na miguu yake. Hii ya mzee ilikuwa na kabodi kadogo kama nusu ya simu, na katikati tone moja jeusi gumu kama lami iliyokauka. Ndani ya hilo tone ndio kuna mashine nzima. Walikuwa wamechukua zile chipu zote wakazifinya kuwa moja, ndio maana iliweza kuuzwa bei ya chini hadi ikafika kwetu. Kwa hivyo usiidharau. Watoto wengi wa Nakuru walishika pedi mara ya kwanza juu ya hilo tone.

Kupuliza katriji kulikuwa kunasaidia kweli?

Hapana. Kilichosaidia ni kuitoa na kuirudisha, pini zinapata mahali pengine pa kushikia. Pumzi ina unyevu na unyevu unaleta kutu kwa pini, ukipuliza leo inaweza kuwaka lakini unaila polepole. Chukua pamba na spiriti, pangusa zile pini, ngoja ikauke.

Ile bunduki ya kupiga bata mbona haifanyi kwa TV ya flati?

Hili swali nalipenda sana. Bunduki haitoi kitu chochote, inaangalia tu. Ukivuta, gemu inafanya skrini kuwa nyeusi kwa muda mfupi sana hata huoni vizuri, halafu inachora kisanduku cheupe pale bata alipo. Ndani ya mdomo wa bunduki kuna kijicho kinachosoma mwanga, kikiona weupe kwa ule wakati umepangwa, umepiga. Hiyo hesabu ilitegemea zile TV za zamani za kioo kizito ambazo zinachora picha mstari kwa mstari bila kuchelewa. TV ya flati inapokea picha, inaichakata kidogo, ndio inaonyesha, na mwanga wake hautoki kwa ule mpigo bunduki inatafuta. Bunduki yako haijaharibika, usiifungue.

Biti 8, biti 16, biti 64, maana yake?

Upana wa mzigo chipu inaweza kubeba kwa mara moja. Famicom 8, Sega Mega Drive ya 1988 na Super Famicom ya 1990 zikaitwa za 16, PS1 ni 32, Nintendo 64 jina linajieleza. Baada ya hapo ikaacha kuwa na maana kwa mnunuzi na hata matangazo yakaiacha. Mtu akikuuzia kitu leo akikutajia biti, kuwa macho.

Sony ni watu wa redio na TV, waliingiaje kwa gemu?

Walikosana na Nintendo. Walikuwa wanatengeneza pamoja mashine ya CD ya kuunganisha na Super Nintendo (ndio ile Super Famicom), Sony wakaitangaza kwa maonyesho Marekani Juni 1991, na kesho yake Nintendo wakasimama wakatangaza kwamba wataenda na Philips. Fikiria hiyo aibu. Ken Kutaragi, mhandisi wa Sony aliyekuwa nyuma ya hiyo kazi, akasukuma watengeneze yao wenyewe, na PlayStation ikatoka Japani 3 Desemba 1994. Prosesa ya karibu megahezi 34, memori megabaiti 2.

Lakini kilichobadilisha mambo ni CD. CD inabeba karibu megabaiti 650, katriji kubwa kabisa ya Nintendo 64 ilifika megabaiti 64, na CD kuitengeneza ni bei ya chini sana ukilinganisha na katriji. Ukweli usemwe, katriji ilikuwa inasoma haraka, hakuna kungoja, na CD ndio ilituletea ile skrini ya "loading" hadi unaenda kuchota maji unarudi. Watengenezaji wa gemu wakaona afadhali kungoja kuliko kubanwa. PS1 ikauza zaidi ya milioni 100, Nintendo 64 karibu milioni 33.

Mbona watu walikuwa wanageuza PS1 juu chini ndio isome?

Hiyo haikuwa uchawi. Kwa zile za mwanzo kabisa lenzi ilikuwa inateleza kwa reli ya plastiki, plastiki ikilika lenzi inainama kidogo na haioni CD sawasawa. Ukigeuza mashine, uzito unailalisha upande mwingine, inakaa sawa. Za baadaye walirekebisha.

PS2 ni ya 2000, inakuaje bado iko kwa vibanda?

Juu ilikuwa mashine nzuri kupita kiasi. Ilitoka Japani 4 Machi 2000, memori megabaiti 32, prosesa karibu megahezi 295, ikauza zaidi ya milioni 155 na hakuna konsoli nyingine ya nyumbani imefika hapo wakati wake. Waliacha kuitengeneza karibu 2013, miaka 12 na zaidi! Ilikuwa inacheza CD za PS1, na ilikuwa inacheza filamu za DVD, kwa hivyo mzazi aliyekataa kununua mashine ya gemu alikubali kununua DVD. Ile nyembamba ya 2004 ndio mimi nimefungua zaidi kuliko mashine yoyote maishani mwangu.

Na karibu zote zinakuja na ugonjwa mmoja, haisomi. Lenzi ya PS2 ni kajicho kadogo kama punje ya ndengu, inaelea juu ya nyaya nyembamba kuliko unywele, inapanda na kushuka ikifuata diski. Sasa weka hiyo kitu Nakuru. Wazee wanasema jina lenyewe linatoka kwa Kimaasai, mahali pa vumbi, na Januari upepo ukianza kuzunguka huko Rhonda huhitaji kuambiwa. Vumbi likikaa juu ya punje ya ndengu leza inaona ukungu. Dawa ya kwanza ni pamba na tone la spiriti, polepole, bila kubonyeza. Dakika mbili, na robo ya hizo mashine zinasoma palepale.

Kuna kaskrubu kadogo pembeni ya lenzi kanaongeza nguvu ya leza. Fundi mwenye haraka anakakaza, diski inasoma, unalipa, unafurahi, halafu baada ya wiki chache leza imeungua kabisa na sasa ni kununua mpya. Ukiona mtu amefika kwa hako kaskrubu kabla hajapangusa lenzi, chukua mashine yako uende.

Niweke gemu kwa flashi badala ya diski?

PS2 inawezekana, lakini tundu lake la USB ni la zamani, toleo 1.1, kwa hivyo video za kati ya gemu zinakwamakwama. Si flashi yako mbovu.

Kwa nini mashine za kizazi cha 7 zilikuwa zinakufa sana?

Joto. Xbox 360 ya Microsoft ilitoka Novemba 2005, PS3 Novemba 2006, zote prosesa za gigahezi 3.2 kutoka megahezi 295 ya PS2, ni kama kutoa injini ya pikipiki uweke ya lori kwa fremu ile ile. Chipu inapata moto, inapoa, inapata moto, inapoa, na vile vitone vya lehemu vinavyoishikilia vinachoka na kupasuka. Kwa upande wa 360 jambo lilifika mahali Microsoft wenyewe Julai 2007 wakaongeza waranti kuwa miaka 3 kwa wale wa taa nyekundu, zile zilizokuwa zinawaka mashine ikifa, na wakatenga zaidi ya dola bilioni moja.

Naomba sana, usipashe bodi kwa jiko au kwa bunduki ya hewa moto kama ulivyoona kwa video. Itawaka siku kadhaa ikufurahishe halafu irudi pale pale, na mara ya pili hata mimi siwezi.

Gemu za PS3 mbona hazichezi kwa PS4?

Chipu ya PS3 inaitwa Cell, walioitengeneza ni Sony, Toshiba na IBM, na ilikuwa inafikiria tofauti kabisa na zingine zote, ina prosesa moja kubwa na ndogo ndogo zinazoisaidia, na kuziandikia gemu kulisumbua hata wataalamu. PS4 ya Novemba 2013 wakaachana na hayo yote wakachukua chipu ya kampuni ya AMD ya familia moja na kompyuta ya kawaida, kori 8, memori gigabaiti 8. Ni lugha mbili. PS5 na PS4 zinaelewana juu ni ndugu, ndio gemu karibu zote za PS4 zinaingia.

PS4 yangu inalia kama ndege inaruka, ni ya kutupa?

Hapana mama, hiyo inaomba kuoshwa. (Huyu alikuwa mama wa Section 58, kijana wake aliogopa kuja mwenyewe.) Nilipotoa kifuniko feni haikuonekana, ilikuwa imevaa blanketi, vumbi na unywele wa paka vimeshikana hadi nikavitoa kwa kipande kimoja kama kitambaa. Chini yake ile pesti inayokaa katikati ya chipu na bamba la kupoza ilikuwa imekauka ikawa kama chaki. Nikasafisha, nikapaka mpya tone kama punje ya harage, nikafunga. Feni ilirudi kunong'ona. Kwa hapa kwetu fanya hivyo kila mwaka, na usiweke mashine sakafuni wala ndani ya kabati ya TV iliyofungwa.

Na PS5 nifungue mwenyewe nioshe?

Toa vile vifuniko viwili vya nje, safisha feni na vile vitundu vya kukusanya vumbi, simama hapo. Ndani kwa chipu hawakuweka pesti ya kawaida, waliweka chuma cha majimaji ambacho kinapitisha stima, kikimwagika kwa bodi umemaliza.

Nini hasa mpya kwa PS5, si picha ni zile zile?

Rudi kwa ile kitu nilisema mwanzo, gemu inakaa wapi. PS4 ilikuwa inasoma kutoka hadidiski, sahani inazunguka na kamkono kanatafuta. PS5 ya Novemba 2020 ina SSD, yaani hifadhi ya chipu tupu, ya gigabaiti 825, hakuna kinachozunguka, inavuta gigabaiti 5.5 kwa sekunde. Kasi ya namna hiyo ina maana gemu nzima haihitaji kujazwa kwa memori mapema, inachukua kitu unapogeuza kichwa. Kungoja kule kulikoletwa na CD mwaka wa 1994 kumeisha karibu kabisa, na tumerudi karibu na raha ya katriji baada ya miaka 26. Kwangu hii ni kubwa kuliko kivuli na maji yanayong'aa.

Shangazi ananitumia PS kutoka ng'ambo, itaungua?

Hapa stima ni volti 240. Japani ni 100, Marekani 120. PS4 na PS5 zinakubali kuanzia 100 hadi 240, badilisha kebo tu. PS1 na PS2 nene za huko HAZIKUBALI, ukichomeka moja kwa moja utasikia mlio na harufu. PS2 nyembamba nyingi zina adapta ya nje, tafuta adapta ya hapa. Adapta ya Xbox 360 pia ni ya nchi yake. Kila mara soma kile kikaratasi nyuma, kikisema 100-240V uko salama. Kuna kijana aliletewa PS2 ya Japani na muuzaji akamwambia "iko sawa," alipofika kwangu fyuzi na kapasita vilikuwa vimekwisha, na alikuwa amekusanya hizo pesa mwaka mzima akibeba mizigo sokoni.

Inakula tokeni ngapi?

PS5 ukicheza gemu nzito chukulia wati 200, kwa hivyo masaa 5 ni yuniti moja. PS4 nyembamba ni chini ya nusu ya hiyo. TV hesabu kando.

Pedi inajisogeza yenyewe, mchezaji anatembea bila kuguswa.

Chini ya kile kijiti kuna vipande viwili vinavyosugua juu ya utepe wa kaboni kupima umeelekea wapi. Utepe ukilika, pedi inadhani umesukuma. Kusafisha kunasaidia kwa muda, dawa ni kubadilisha. Siku hizi kuna vijiti vya sumaku, hakuna kinachosuguana, na mimi ndivyo naweka ukikubali. Kinachoniuma ni kwamba Sega Dreamcast ya 1998 ilikuwa tayari na sumaku kwa pedi yake.

Ninunue PS5 ya diski au isiyo na diski?

Ya diski, kwa hapa kwetu. Gemu moja siku hizi inazidi gigabaiti 50 kirahisi, wengine gigabaiti 100, na wewe unanunua bando. Diski hata ikihitaji kuongezea kitu kwa intaneti, mzigo mkubwa ushaupata. Halafu diski ukimaliza unauza, unabadilishana na mtu wa Kondele kule Kisumu, unakopesha binamu. Gemu ya kupakua imefungwa kwa akaunti yako. PS5 Pro ya Novemba 2024 inakuja bila tundu la diski, unanunua kando, kwa hivyo uliza kabla ya kutoa pesa.

Nafungua kibanda cha gemu Kisumu, nianze na nini?

PS4 nyembamba mbili na TV za inchi 32, pedi nne za ziada, na kinga ya stima kwa kila TV. Stima ikirudi kwa nguvu ndio inaua, si ikipotea. Ukiwa karibu na ziwa una unyevu badala ya vumbi, funika mashine usiku kwa kitambaa lakini zikiwa zimepoa, na usitumie nailoni. PS5 ongeza wakati zile mbili zimejilipa.

Nina PS1 ya kaka yangu kwa boksi, haina pedi wala kebo. Nitupe?

Usitupe, ilete. Pedi zinapatikana. Kebo ya rangi tatu, njano, nyeupe na nyekundu, inatoshea PS1, PS2 na hata PS3, na TV nyingi za flati bado ziko na hayo matundu kwa nyuma ama zinatumia kakiunganishi kadogo. Memori kadi kama iko ndani iache hapo hapo usiitoe. Nitaangalia kwanza kama kazi ya kaka yako bado iko ndani ndio tuguse kitu kingine.